Siku Tulipomlaza Kiraka kwenye Mashine

Nalufenya, Jinja

Akiteng mwanangu,

Umetoka kwenda kanisani kuagana na wenzako wa kwaya, na mimi nimefunika cherehani mapema ili niandike kabla hujarudi. Ukinikuta na kalamu mkononi utaanza kunichungulia, na mimi siwezi kuandika nikitazamwa. Ndege yako ni kesho. Masweta nimeshayakunja, karanga ulizokataa kuwekewa nimekuwekea, na maneno ya kula vizuri na kujifunika vizuri umeyasikia mpaka yamekuchosha. Hayo nayaacha. Nataka kukuandikia yale ambayo nikijaribu kuyasema kwa mdomo naishia kukuuliza kama umekunywa chai.

Nakuandikia kwa Kiswahili kwa sababu ndiyo lugha ya nyumba yetu. Wewe ulikuja na Kiteso chako, mimi nilikuwa na Kigisu changu, na tulipokutana ni hapa katikati, kwenye lugha niliyofundishwa madrasa na kuitumia sokoni Mbale. Unajua majirani wengine hawakuipenda. Waliokuwa watu wazima zamani zile za utawala wa wanajeshi, wakisikia Kiswahili mlangoni moyo unawaruka. Mimi siwalaumu. Lakini ndiyo lugha uliyoniitia mama kwa mara ya kwanza, kwa hiyo kwangu haina bunduki ndani yake.

Jinsi ulivyokuja kwangu unaijua kwa vipande. Acha nikuandikie yote kwa mpangilio, uwe nayo.

Nilikuwa naishi Namatala, pembezoni mwa Mbale, chumba kimoja, cherehani barazani. Mume wangu alikuwa ameshafariki, Mungu amrehemu, na hatukujaliwa mtoto. Mwaka ule waasi waliingia Teso, na watu wakamiminika Mbale kwa malori, kwa baiskeli na kwa miguu, magodoro kichwani, kuku wamefungwa miguu. Asubuhi moja lori la jeshi lilipasuka tairi karibu na baraza yangu. Afande mmoja mrefu, vumbi limemjaa mpaka kwenye kope, akashuka akiwa amembeba mtoto wa kike, akaja moja kwa moja kwangu.

"Mama, shika mutoto hii kidogo," alisema. "Mimi naenda tafuta watu yake. Nakuja."

"Afande, unarudi lini?"

"Nakuja, mama. Shika tu."

Lori likaondoka. Ulikuwa umesimama mbele yangu, kichwa chako kikifika usawa wa meza ya cherehani, umefungwa leso ya kanga kifuani na mikono yako umeikaza juu yake. Nilidhani tumbo linakuuma. Nikajaribu kuifungua leso, ukanitazama kwa macho ambayo sijayasahau, kisha leso yenyewe ikacheza. Kikatokea kichwa cha paka, mdogo kuliko ngumi yangu, na damu imemkauka upande wa bega la kushoto.

Hukutaka kumwachia. Basi niliwaosha wote wawili katika beseni moja. Begani mwake kulikuwa na tundu dogo kama tundu la kifungo. Nikalisafisha kwa maji ya uvuguvugu na chumvi, nikasema moyoni mbwa amemuuma, au mwiba. Sikufikiria zaidi ya hapo. Rangi zake zilikuwa tatu, nyeusi, nyeupe na ya chungwa, kama nguo iliyopigwa viraka na fundi asiyejali, ndiyo maana nikamwita Kiraka. Jina hilo lilikuchekesha. Ulikuwa umekaa kwangu siku kadhaa bila kutoa sauti, na kitu cha kwanza nilichokisikia kutoka kwako kilikuwa kicheko hicho.

Watu wanashangaa nikiwaambia, lakini yule afande alirudi. Mvua zilikuwa zimekwisha. Alikuja na mtu mwembamba aliyevaa koti kubwa la kuazima, Mjomba wako Okiria, kaka wa mama yako mzazi. Mjomba alikutazama ukicheza chini ya meza na Kiraka, akakaa kwenye kigoda changu.

"Nyumba yangu wamechoma," aliniambia. "Nalala kambini na watoto wangu, turubai moja. Huyu ni wa dada yangu. Nikimchukua, nampeleka wapi?"

Nikamwambia, "Muache."

"Ninaomba kitu kimoja, mama. Jina lake lisibadilishwe."

"Na dini yake?"

Akafikiri. "Hiyo mwachie yeye mwenyewe."

Ndiyo maana kila Jumapili nilijifunga hijabu yangu nikakupeleka mpaka lango la kanisa, nikakusubiri nje pamoja na mama muuza vitunguu. Wa msikitini walinisema, wa kanisani nao walinisema. Nilijifunza hapo kwamba ukitenda jambo ambalo unaweza kulieleza kwa mtoto likaeleweka, maneno ya wakubwa unaweza kuyavumilia.

Jambo ambalo sikujua kulifanya ni kukuuliza. Nilidhani kunyamaza ni huruma. Tairi likipasuka barabarani ulikuwa unaingia chini ya meza na Kiraka, na mimi nilikuwa nakanyaga cherehani kwa nguvu zaidi ili usikie mlio wake badala ya ule mwingine. Hata tulipohamia hapa Jinja nilipopata kazi ya kushona sare za shule, hata ulipokuwa msichana mkubwa, siku ile hatukuitaja. Nilijiambia kidonda hakichokonolewi. Ulikuwa unafaulu, unaimba, ukatangaza kwamba utasomea udaktari wa wanyama. Nikasema mtoto amepona, mbona niulize?

Sasa nakuja kwenye jambo la Kiraka, ambalo ndilo hasa lililonifundisha.

Ulikuwa chuoni Kampala wakati alipoanza kubadilika. Alikuwa amezeeka, lakini ghafla akawa anakula kama mwanafunzi wa bweni. Nikimwekea mukene, wale dagaa wetu wanaotoka Wanyange, anamaliza na kulia aongezewe, na huku anakonda mpaka mgongo unahesabika. Usiku hatulii, mchana hatulii. Nikasema ni minyoo. Nilimpa dawa ya minyoo, akaendelea kukonda.

Ulipokuja likizo ulimpakata, ukampapasa shingo kwa vidole viwili, polepole, kisha ukarudia palepale. Nilikuwa napika.

"Mama, njoo uguse hapa."

Nikagusa. Kulikuwa na kivimbe upande wa kushoto wa koo, kikubwa kama punje ya maharagwe, kigumu, na ukikisukuma hakitaki kusogea.

"Ni rovu," nikasema. Kwetu milimani nimekua nikiwaona akina mama wenye rovu shingoni, wakilima, wakizaa, wakizeeka nalo. "Halimuui."

Ukaniambia tezi ni ileile, thairoidi, hata paka wanayo, nayo ikizidisha kazi mwili unajichoma wenyewe kama jiko lisilopunguzwa moto, ndiyo maana anakula na anakonda. Ukaniambia wengi wa paka wazee wenye kivimbe kama kile hawana saratani. "Lakini hiki kimeshika chini, Mama. Sipendi kilivyoshika."

Tulimpeleka kwa Dokta Namono, mwalimu wako aliyekuwa na kliniki yake ya mifugo hapa Jinja. Alimnyoa shingo, akampaka dawa ya utelezi, akapitisha kifaa cha ultrasaundi. Mimi niliona mawingu tu. Yeye aliona ukingo wa kivimbe umechakaa upande mmoja, na sehemu yake ya chini inateremka kuelekea kifuani mahali ambapo kifaa hakifiki. Akavuta maji kidogo ya kivimbe kwa sindano. Majibu yalipokuja yalikuwa ya kutia shaka.

Dokta alikaa na sisi akasema wazi. Kama ni saratani na imeingia kwenye bomba la hewa au imesambaa mapafuni, kumpasua ni kumtesa bure. Kama haijaingia, akimpasua vizuri anaweza kuishi. Kwa nje, mkono na ultrasaundi vimefika mwisho wake. Inabidi kumtazama ndani, kwa mashine ya CT.

"Na ziko nchi," alisema, "ambako wanamchoma paka dawa yenye mionzi kidogo, tezi yote inang'aa kwenye picha, na kama saratani imekwenda mahali pengine, huko nako kunang'aa. Hapa kwetu hatuna."

Nilikuona ulivyoinua kichwa aliposema hivyo. Nadhani safari yako ya kesho ilianza kwenye kile kiti cha mbao.

Mimi sikutaka. Nakwambia ukweli, sikutaka. Hajati Sauda, jirani yetu, alikuja kusikia habari akasimama mlangoni mikono kiunoni.

"Watu wanakosa kipimo hospitali, nyinyi mnapeleka paka?"

Mimi mwenyewe nilikuwa nawaza hivyohivyo. Nikakuambia tumwache Kiraka afe nyumbani, ameshaishi vya kutosha. Hukubishana. Ulikuwa unaosha vyombo, ukasema bila kugeuka, "Mama, huyo ndiye peke yake aliyemjua mama yangu mwingine."

Katika miaka yote ile hukuwahi kumtaja mbele yangu. Nilikwenda nikachukua kikapu.

Dokta Namono aliomba mashine kwa wenye kituo kimoja cha vipimo kule Mbale, akawaeleza kwamba ni kwa ajili ya kufundishia, nao wakakubali Jumapili, siku ambayo hawakuwa na wagonjwa. Tulikwenda na pikapu yake. Kiraka alilia njia nzima mpaka tulipofika kwenye mashamba ya mpunga, akanyamaza, ukafunua kikapu kuhakikisha anapumua. Tulipopita karibu na Namatala nilitaka kukuonyesha baraza yetu ya zamani, nikakuta umefumba macho, nikaacha.

Meza ya ile mashine imetengenezwa kwa mtu mzima. Kiraka aliyelazwa usingizi, na kimpira cha kupumulia mdomoni, alionekana juu yake kama kipande cha kitambaa kilichosahaulika. Nilivua mtandio wangu wa begani nikakupa umkunjie chini ya kifua alale sawa. Ukamtia sindano kwenye mshipa wa mguuni kwa ajili ya dawa ya kung'arisha picha. Kisha tukatoka wote tukasimama nyuma ya kioo, na ile duara kubwa ikaanza kuvuma.

Kijana mwenye mashine alituonyesha picha kwenye kompyuta moja baada ya nyingine, kama mkate unaokatwa vipande vyembamba. Dokta Namono alijitoa mbele ya kioo cha kompyuta, akakusogezea kiti.

"Soma wewe," akasema. "Kwa Kiswahili, mama asikie."

Hapo ndipo nilipokuona, mwanangu. Nilikuwa nimekuona kwa miaka mingi, lakini siku ile nilimwona daktari. Ulinionyesha duara jeusi, ukasema ni hewa, ni bomba lake la kupumulia. Vyeupe ni mifupa. Hiki kinachong'aa pembeni ni kivimbe. Ukapanda na kushuka na vile vipande, ukarudia, ukarudia tena.

"Kimelisukuma bomba," ulisema. "Hakijaliingia. Huu mstari mweusi katikati ni mafuta, unaonekana mpaka chini. Kinateremka mpaka kwenye ubavu wa kwanza kisha kinaisha."

"Na mapafu?" akauliza Dokta.

Ulishuka zaidi. Na mara kwenye kioo kikatokea kitu cheupe, kidogo, kinachowaka. Yule kijana alivuta pumzi kwa nguvu. Nami sijui kusoma picha, lakini najua watu wanavyovuta pumzi. Nikajua saratani imesambaa.

Dokta hakukusaidia. Ulisogea mpaka pua ikakaribia kugusa kioo.

"Haiko kwenye pafu," ulisema hatimaye. "Iko nje ya mbavu, kwenye nyama ya bega. Nyeupe kupita mfupa. Na inatoa miali, ona, kama jua linavyochorwa na watoto." Sauti yako ikabadilika. "Hii si saratani. Hiki ni chuma."

"Risasi?" akauliza yule kijana.

"Kipande tu. Cha bomu, labda. Cha zamani, nyama imekizunguka."

Nikakumbuka lile tundu kama la kifungo, na chumvi, na beseni. Nikakumbuka jinsi leso ilivyokuwa imefungwa, na paka alikuwa amelala wapi, na nyuma yake kulikuwa na kifua cha nani. Wewe ulikuwa umeshaondoka kwenye kiti umekaa sakafuni, mgongo ukutani, na Dokta Namono, mwanamke mzito yule, akakaa sakafuni pamoja na wewe.

Mapafu yalikuwa safi. Hilo ulilisema mwenyewe baadaye, uliposimama na kumaliza kusoma mpaka picha ya mwisho, maana hukutaka kuacha kazi nusu. Kuna tezi moja ndogo shingoni ambayo ulisema imevimba kidogo na huwezi kuapa juu yake. Nilipenda vile ulivyosema huwezi kuapa.

Wakati wa kurudi, ulianza kuongea tulipotoka mjini. Dokta aliendesha bila kugeuza shingo. Ulituambia kwamba mlijificha kwenye mihogo, wewe na mama yako. Kwamba ulikuwa unataka kulia, na mama yako akakuwekea mtoto wa paka kwenye leso akakunong'oneza umlinde asiogope, ili uwe na la kufanya. Kwamba mlikimbia, kishindo kikalia, na mama yako akaanguka, na wewe ukaendelea kukimbia kwa sababu alikuwa amekuambia umlinde paka. Ulisema haya yote ukiwa umeweka mkono kikapuni.

Kisha ukaniuliza, "Mama, kile chuma kilikuwa changu?"

Ningeweza kukuambia ndiyo, Mungu alimtuma paka. Ningeweza kukuambia hapana, usifikirie. Miaka ya nyuma ningekanyaga cherehani. Siku ile nikasema, "Sijui, mwanangu. Niambie tena alivyokufunga ile leso." Na wewe ukaniambia tena, na tena, mpaka Iganga.

Hilo ndilo nililojifunza uzeeni, na nalitoa kwako nikijua umeshalijua kuliko mimi. Niliogopa kutazama kwa sababu nilidhani kutazama ndiko kunakoleta ugonjwa. Kumbe ugonjwa upo au haupo kabla hujawasha mashine. Na kinachong'aa kwenye giza si lazima kiwe kile unachokiogopa. Ila kuna siku kitakuwa ndicho. Huko Afrika Kusini unakokwenda utasoma picha nyingi zenye habari mbaya, na upande wa pili wa kioo atakuwepo mtu ameshika kikapu kitupu. Mwambie kama ulivyotuambia sisi, kwa maneno ya nyumbani, na kama huna hakika, mwambie huna hakika. Usimfiche ili umpendeze. Mimi nilikuwa mtu wa kikapu, najua. Kilichonitisha kupita yote ilikuwa ile pumzi iliyovutwa bila neno lolote.

Dokta alimpasua wiki iliyofuata, wewe ukiwa upande wa pili wa meza. Kivimbe kilitoka kizima kwa sababu mlijua kinaishia wapi. Ilikuwa saratani kweli, maabara walithibitisha; ile tezi nyingine ilikuwa safi. Mshipa wa sauti ulichoka kidogo, ndiyo maana tangu siku ile Kiraka alilia kwa mkwaruzo kama kondakta aliyeshinda stendi. Chuma mlikiacha. Dokta alisema kutoa kitu kilichokaa kimya ni kumuumiza bure, na wewe hukutaka kitolewe.

Akanenepa. Hajati Sauda alikuja kumwona amejilaza juani, tumbo limejaa, akamzunguka kama anayenunua mbuzi. "Kumbe hata paka anapona," akasema. Mwezi uleule alimpeleka dada yake hospitali, yule aliyekuwa amefunika shingo kwa mtandio miaka mingi. Lilikuwa rovu la kawaida, walimpa dawa. Hajati mpaka leo anasema alikuwa amepanga kumpeleka siku nyingi.

Likizo iliyofuata uliniambia unataka kwenda Teso. Nilifunga safari nawe nikiwa na woga kwamba nikifika nitakuwa mgeni kwako. Mjomba Okiria alitupokea kwenye nyumba mpya ya matofali, ng'ombe wawili wamefungwa nje, wajukuu wamejaa uani. Alitupeleka mahali palipokuwa na nyumba yenu. Pamelimwa viazi vitamu. Mama mmoja kijana alikuwa analima pale, mjamzito, hakuwa na habari kwamba amelima juu ya nini. Mjomba alipomweleza aliangusha jembe akaanza kuomba radhi. Wewe ukaliokota jembe ukamrudishia. Ukamwambia kwa Kiteso jambo ambalo sikulielewa, wote wawili mkacheka, na yeye akatujazia kikapu viazi. Usiku tulivila kwa Mjomba pamoja na mtindi. Mjomba akakuambia mama yako naye alipenda kula maganda yake, na wewe ukanitazama, maana miaka yote nimekugombeza kwa kula maganda.

Mama yako mzazi aliitwa Amulen. Nilimuuliza Mjomba mwenyewe, sikusubiri. Namtaja katika dua zangu alfajiri, sijui makasisi na masheikh watasemaje, hawajaniuliza.

Kiraka tulimzika mwaka mmoja kabla hujamaliza chuo. Yalikuwa mafigo, uzee, si ile saratani. Mkono wako ulikuwa juu yake. Alikuwa amepata misimu ya mvua ambayo hakuandikiwa, na katika misimu hiyo wewe na mimi tuliongea kuliko tulivyoongea katika miaka yote kabla yake. Nikipima hivyo, wala sioni kwamba tulimpiga picha paka tu.

Jua limefika kwenye kizingiti, utakuwa njiani. Nimalizie.

Watu watakuambia uende ukajifunze ule ufundi wa mionzi kisha urudi kuisaidia nchi. Na mimi natamani siku moja Jinja iwe na chumba ambamo tezi ya mnyama inang'aa na daktari anayeisoma ni wewe. Lakini usirudi kwa kunihurumia. Mimi nina macho, nina cherehani, nina Hajati wa kugombana naye. Rudi kama kazi yako iko hapa na unapapenda. Na ukiona maisha yako yamekaa vizuri huko, usinizungushe, usianze na salamu ndefu. Nipigie simu uniambie. Nitakaa chini, nitavuta pumzi, kisha nitakuuliza huyo mtu uliyempata huko na unaogopa kunitajia anaitwa nani, na kama mama yake anajua kupika.

Nenda kwa amani, mwanangu.

Mama yako,
Zaina